Mvua ya Vijiti

Watu wa Lukoto walikuwa wakipita tangu umande haujakauka, na jua lilipofika utosini bado walikuwa wakipita. Hawakuimba wala hawakulia. Walipanda kilima cha Namusala mmoja nyuma ya mwingine kama siafu wanaohama, magodoro kichwani, kuku wakining'inia kwenye mishikio ya baiskeli, mbuzi wakivutwa kwa kamba zilizoungwa na vipande vya leso. Nyuma yao bonde lilikuwa jeupe. Ukilitazama kutoka juu ungedhani kuna mtu amelimwagia majivu akasahau kurudi kufagia.

Nekoye alikuwa kando ya njia na mzigo wa mabua ya mahindi kichwani. Hakuwa na sababu ya kusimama. Kichuguu chake kilikuwa kinangoja kulishwa, na kichuguu hakina subira. Lakini alisimama. Aliwatazama kwa pembe ya jicho, vile mtu anavyotazama msiba wa jirani asiyesemezana naye, na katika kila uso uliopita alitafuta uso mmoja huku akiomba asiuone.

Akauona.

"Siku hizi unasalimia watu na mzigo kichwani?" Rasoa akamwuliza. "Au unaogopa ukiutua tutautafuna?"

Huyu Rasoa alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa Lukoto enzi zile mvua ilipokuwa bado inajua majira yake. Nyuma yake alikuja mumewe, Makhulo, mrefu, mkavu, akisukuma baiskeli na kukohoa. Mahali ambapo wenzake walikuwa wamefunga godoro, yeye alikuwa amefunga ngoma.

"Shemeji," Makhulo akasema, "tumesikia huku juu mnafuga mchwa. Nikasema lazima nije nione zizi lao."

Nekoye akautua mzigo. Alianza kucheka, kisha akaiona ngoma na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Godoro liko wapi?"

"Nimewaachia panya. Panya hawajui kupiga ngoma."

"Ifunike hiyo," Nekoye akasema kwa sauti ya chini. "Ifunike sasa hivi."

Alikuwa amechelewa. Wafubwa alishatoka kwenye kibanda cha ofisi na wanaume wawili nyuma yake. Huyu alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Vichuguu, na pia ndugu ya Sifuna, marehemu mume wa Nekoye. Alikuwa pale tangu asubuhi, kazi yake kuhakikisha hakuna mtu wa Lukoto anayeinama kwenye mfereji na mtungi.

"Karibuni Namusala," akasema, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kamba ya ngoma. "Hii tutaiweka ofisini. Mkiondoka mtaipata."

"Na tusipoondoka?" Rasoa akauliza.

"Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hapa, mama, hatuna jembe la ziada."

Makhulo akaitazama ngoma yake ikibebwa kwa masikio kama sungura. Hakugombana. Alingoja mpaka wale wanaume wamefika mlangoni, ndipo akawaita.

"Mbebeni vizuri. Huyo amezika wazee wengi kuliko ninyi."

*

Zamani Namusala haikuwa mahali pa kuonewa wivu. Mvua ilikuwa imeshika tabia za mlevi: inakuja siku moja, inavunja kila kitu, kisha haionekani miezi na miezi. Watu walikula chakula cha msaada mpaka watoto wakajifunza kusoma kwa maandishi ya magunia. Ndipo Shirika la Udongo Hai likaja na makasha yenye matundu, kama yale ya kubebea vifaranga, na ndani yake mchwa.

Mchwa hao walikuwa wametengenezwa. Mchwa wa Mungu huchimba chini akitafuta unyevu, akipata wa kumtosha hurudi kwa malkia wake. Hawa walinyimwa kutosheka. Walishuka mahali ambapo hakuna mchimba kisima aliyewahi kushuka, wakapanda na maji mdomoni, kila mmoja na tone lake dogo kuliko ncha ya sindano, bila kupumzika. Vichuguu vikakua vikapita mapaa ya nyumba, na kila alfajiri vikatoka jasho. Jasho likateremka kwenye mifereji ya udongo, mifereji ikaenda mashambani. Juu ya ardhi vichuguu vilionekana vingi. Chini vilikuwa nyumba moja, na malkia alikaa katika kile kilichokuwa nyuma ya jiko la Nekoye. Hicho kiliitwa kichuguu mama. Wengine walilisha milango. Yeye alilisha nyumba.

Kulisha kulikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kunyamaza.

Hilo ndilo lilikuwa sharti. Ngoma marufuku. Kutwanga karibu na kichuguu marufuku. Kando ya kila kichuguu Shirika lilikita kigingi cha chuma chenye taa ndogo kichwani, na kigingi hicho kilisikiliza ardhi. Taa ya kijani, mambo sawa. Nyekundu, kuna mtu anapiga kitu, na Kamati itakuja kuuliza. Ikinyesha mvua, huwa ya buluu. Watu walipouliza sababu, walijibiwa kwamba mchwa hushtuka. Basi vinu vikahamishiwa ng'ambo ya kilima. Harusi zikawa za kupigiwa makofi taratibu, kama watu wanaoua mbu. Namusala nzima ikawa inatembea kama nyumba yenye mgonjwa ndani. Sifuna alipokufa alizikwa hivyohivyo, kimyakimya, mtu aliyecheza ngoma za vijiji vyote vya upande ule. Nekoye alilimeza jambo lile pamoja na maji. Lakini halikushuka lote. Tangu siku hiyo hakuwahi kukitazama kigingi bila kuhisi kwamba nacho kinamtazama.

Sasa Rasoa hakuwa mtu wa kukaa kama mgeni. Kabla jioni haijaingia alishamnyang'anya Nekoye sufuria, akachota maji ya mfereji, akachemsha, akatia majani. Akamimina kikombe kimoja. Akakitazama, asinywe.

"Haya majani umenunua wapi?"

"Kwa Barasa dukani. Usiniambie kitu. Nimegombana naye mpaka hatusalimiani. Anachanganya na masizi, mimi najua."

Chai ilikuwa nyeusi. Si ule weusi wa nyumba iliyokosa maziwa. Ilikuwa nyeusi kama maji ya kuoshea kalamu za wino, na juu yake ulielea utando uliong'aa rangi za mafuta.

"Nekoye," Rasoa akasema, "ulipokuja kunitembelea mara ya kwanza nikiwa bibi arusi, ulisema nini mbele ya mama mkwe wangu?"

Nekoye alikumbuka. Alikuwa amesema Lukoto wanakunywa dawa ya viatu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Chemchemi ya Lukoto ilikuwa na chuma. Ilitoka kwenye mawe mekundu, ikaacha kutu kwenye mitungi, na ikigusana na majani ya chai iliyageuza meusi vilevile. Maji ya Namusala yalikuwa matamu, na chai yake ilikuwa nyekundu kama mgongo wa ng'ombe. Ulikuwa utani wa miaka: ukitaka kujua mtu kaolewa wapi, angalia meno yake.

"Hii ni chai ya kwangu," Rasoa akasema. "Haya maji ni yangu."

Makhulo, aliyekuwa ameegemea mlango, akakichukua kikombe akakimaliza chote. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Nilikuwa nimeyakosa."

*

Kitu cha kwanza Nekoye alichofanya ni kumshuku dada yake. Mfa maji haachi kutapatapa, na mtu asiye na pa kulala anaweza kutia msumari wenye kutu ndani ya sufuria, kisha akaja na hadithi. Usiku kucha alimsikiliza Rasoa akijigeuza, na kila akijigeuza Nekoye aliona ni ujanja unatafuta upande wa kulalia.

Asubuhi alichukua birika tupu, akaenda kwenye tangi la shule ambamo bado mlikuwa na maji ya mvua ile ya mwisho, ile iliyong'oa paa la kanisa. Akaomba kidogo. Hakupika kwake. Alienda kwa Perusi, jirani yake, mjane kijana mwenye mapacha, ambaye vitunguu vyake vilikuwa vimefuatana kando ya mfereji mpaka mwisho wa macho, kijani kibichi, kila jani limesimama.

"Una wageni, unakuja kupika kwangu," Perusi akasema. "Mnafichana chakula?"

"Tunafichana chai."

Alitumia majani yaleyale ya Barasa. Kwa maji ya tangi, chai ikatoka nyekundu. Nyekundu kabisa, ile ya utotoni. Perusi akaonja, akasema leo umeweza. Ndipo Nekoye akachota kikombe cha maji ya mfereji, akakimimina juu yake, na akaona weusi ukitanda kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama kivuli cha wingu kinavyopita shambani.

"Ee, sasa umeiharibu," Perusi akasema. "Unachunguza nini?"

"Barasa," Nekoye akasema, akaimwaga nyuma ya jiko kabla hajaulizwa la pili.

Akirudi alipita mbele ya duka, akamwamkia Barasa. Barasa akageukia rafu zake akawa anapanga viberiti vilivyokwisha kupangwa. Alikuwa na haki.

*

Madam Achando wa Shirika alikuja siku hiyohiyo mchana kusoma vigingi. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kuvua viatu kabla ya kukanyaga udongo wa kichuguu, mwenye kukumbuka jina la mtoto wa kila mtu. Watu walimpenda sana, na hilo ndilo lililokuwa likimtia Nekoye wasiwasi. Mtu anayemkumbuka hata kifaranga wako, ujue anamhesabu. Wafubwa alikuwa nyuma yake, mikono mgongoni.

"Madam," Nekoye akasema, "haya maji yanatoka wapi?"

"Chini, mama."

"Chini ya nani?"

Achando akaacha kuifuta taa ya kigingi. Wafubwa akakohoa.

"Shemeji, mchwa wako wamelishwa leo?"

"Wameshiba, mwenyekiti. Nimemwuliza madam."

Achando akatazama bonde, kisha akamtazama Nekoye, na alipozungumza hakupunguza wala hakuongeza sauti.

"Mnakaa juu ya mwamba, mama. Mwamba huo umeinama. Maji yalikuwa yakipita chini yenu yakienda kutokea Lukoto. Mchwa wanayadaka kabla hayajafika."

"Mlijua?"

"Tulipima kabla ya kuleta kasha la kwanza."

"Mkanyamaza."

"Hakuna aliyeuliza. Wewe ndiye wa kwanza." Hakulisema kwa kiburi. Alilisema kama mtu aliyengoja kuulizwa mpaka akachoka. "Huku mko wengi, kule walikuwa wachache. Yangegawanywa nusu kwa nusu, yasingetosha huku wala kule, na barabarani leo mngekuwa wote. Kuna mtu alikaa mezani akachagua. Hakuwa mimi. Lakini ningekuwa mimi ningechagua hivyohivyo. Wewe ungechaguaje?"

Swali lilimuudhi Nekoye. Akamgeukia Wafubwa. Alitarajia kuona mtu aliyeshtuka. Wafubwa alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Nilizaliwa hapa, shemeji," akasema. "Chai ya Lukoto naijua kwa harufu. Huoni nimeacha chai siku nyingi?"

Kumbe ndiyo maana. Kila alipokaribishwa alisema tumbo linamsumbua. Nekoye alikuwa amemchemshia uji miezi yote hiyo, akimhurumia.

"Na ngoma?" akauliza. "Ngoma inawashtua vipi?"

Wafubwa akasema swali hilo halina haja. Achando akalijibu.

"Wanadhani ni mvua. Mchwa akihisi mvua anaziba njia za chini, kwa kuwa hana haja nazo tena. Akishaziba, kuzizibua ni kazi ya msimu mzima, na pengine asizizibue kamwe. Ile mvua ya kubomoa mapaa hawaiamini, wanaiona ni kelele tu. Wanayoiamini ni ya rasharasha, ya polepole, ile ya kukaa. Ngoma yenyewe sidhani ingewadanganya. Lakini Shirika likaona heri kukataza yote."

"Na kumbikumbi? Mvua ikinyesha, mchwa si hutoa kumbikumbi?"

"Hawa hatukuwapa mabawa."

Aliposema hivyo alirudi kuifuta taa, ingawa ilikuwa imeshang'aa. Nekoye alilitambua jibu hilo. Lilikuwa jibu la mtu aliyeambiwa, si la mtu aliyeona.

*

Siku ya tatu ilifika, ile ya jembe. Wafubwa alikuwa ametuma neno kwamba jua likianza kuinama atakuja kuwasindikiza wageni mpaka barabarani. Makhulo alikuwa amekaa juani akikohoa, baiskeli imeegemezwa ukutani bila mzigo. Rasoa alikuwa akifunga nguo zake ndani ya shuka, anafunga, anafungua, anafunga tena.

"Mtaenda wapi?" Nekoye akauliza.

"Mbele. Wote wanaenda mbele."

"Mbele kuna nini?"

"Kuna watu wa mbele, wana mwenyekiti wao." Rasoa akakaza fundo. "Usinitazame hivyo. Sijakuomba kitu."

"Perusi ana vitunguu," Nekoye akasema. Lilimtoka tu, kwa kuwa ndilo alilokuwa akilizungusha kichwani tangu jana.

"Najua. Nimeviona. Na mimi nilikuwa na vitunguu."

Ungekuwapo ungesikia mchwa wenyewe, ule mchakacho wa taya zisizohesabika nyuma ya ukuta wa jiko, kama mtu anayesugua chumvi kati ya vidole. Nekoye aliwaza habari ya mapacha wa Perusi, matumbo yao yaliyorudi kuwa matumbo ya watoto. Aliwaza habari ya mtu wa mezani. Yule mtu hakumwona Perusi wala Rasoa, na bado alichagua. Yeye amewaona wote wawili, na macho hayo hayakumsaidia chochote. Kulisha kichuguu ni kuchagua. Kila asubuhi alipobeba mabua alikuwa akichagua, ila alikuwa hajui. Leo anajua. Kama kesho atabeba tena, itakuwa ni mkono wake.

"Wahenga walisema aliye juu mngoje chini," Makhulo akasema kutoka nje, bila kugeuka. "Mimi nimengoja, shemeji. Nikaona nitafia chini nikingoja, ndiyo nikapanda."

Nekoye akainuka. Akaenda nyuma ya jiko, akachukua ubao wa zamani wa mlango, akaulaza chini ya kichuguu mama, bapa juu ya udongo. Akavunja vijiti vinne vya mpera, akavimenya kwa meno. Viwili akampa dada yake.

Rasoa akavitazama vile vijiti, kisha akaitazama taa ya kijani.

"Kitasikia," akasema.

"Kinasikiliza ngoma. Mama alitufundisha ngoma?"

Mama yao alikuwa amewafundisha mvua. Wasichana wote wa upande ule walifundishwa, msimu wa kumbikumbi ulipokaribia: unakaa kando ya kichuguu na ubao wako, unafunika matundu kwa majani ya mgomba na blanketi, unaacha tundu moja la kutegea, na unanyesha. Mkono wa kushoto matone makubwa, machache. Mkono wa kulia manyunyu. Usiharakishe, mama alikuwa akisema. Mvua inayotaka kulala hapa haina haraka. Na ukimsikia mwenzako anakwenda kasi, usimfuate, mngoje arudi.

Wakakaa, wanawake wawili watu wazima, miguu imenyooshwa kama ya wasichana, mchana kweupe, mbingu haina hata kovu la wingu. Wakaanza kunyesha.

Mwanzoni mikono haikukubali. Rasoa alitangulia, Nekoye akamngoja. Halafu ikakaa. Ilikuwa mvua kabisa, ile ya Aprili za zamani, ya kumfanya mtu aanue nguo. Makhulo alisogea na kiti chake, akafumba macho. Mara moja tu alisema, "Kushoto punguza," nao wakapunguza.

Taa ya kigingi ikapepesa. Kijani. Kijani. Buluu.

Nekoye hakuacha. Aliweka kisigino chake penye mguu wa kichuguu, pale palipokuwa daima na ubaridi wa unyevu, na baada ya muda akahisi ubaridi ule unarudi ndani, kama ulimi unaoingizwa mdomoni. Mchakacho nyuma ya ukuta ulibadilika. Ulikuwa wa kupanda. Ukawa wa kushuka. Kisha ukakoma.

"Wameziba," akanong'ona.

"Nekoye," Rasoa akasema, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Lete beseni."

Wakatoka. Kwanza mmoja, akakaa ukingoni mwa tundu akijinyoosha, kama mtu aliyetoka usingizini. Ana mabawa. Marefu kuliko ya kumbikumbi wa Mungu, meupe yenye buluu kidogo. Kisha wakatoka kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Walijaza beseni, wakafunika ubao, wakapenya kila palipokuwa na mwanya, wakapanda juu ya mapaa. Na kutoka vichuguu vingine vya Namusala, kimoja baada ya kingine, moshi uleule ukainuka. Upepo ukawachukua, wengine bondeni, wengine upande wa mpakani, wengine upande ambao hakuna aliyeutazama.

Makhulo akachukua mmoja kwenye beseni, akamnyofoa mabawa.

"Usile huyo," Nekoye akasema. "Hatumjui."

"Wamekunywa kijiji changu, shemeji. Acha na mimi niwaonje kidogo." Akatafuna. "Kachumvi kapo."

Pikipiki ikasikika njiani. Madam Achando alishuka akiwa amevaa buti za mpira, na mwavuli ameshaufungua, kwa kuwa simu yake ilimwambia Namusala inanyesha, mvua njema ya kukaa, na alikuwa ameendesha kutoka mjini kama mtu anayekimbilia harusi. Akasimama uani chini ya jua, mwavuli kichwani.

"Inanyesha wapi?" akauliza.

Akaviona vijiti. Akaona mabawa yamenasa kwenye mwavuli wake. Akaufunga polepole.

"Mnajua mlichofanya?"

"Nusu," Nekoye akasema. "Kuziba nilijua. Hii ya mabawa, ninyi ndio mlituambia haipo."

Wafubwa alifika akihema, fimbo ya kusindikizia wageni mkononi. Akainama, akagusa mguu wa kichuguu. Akagusa tena mahali pengine. Akakaa chini palepale kwenye udongo.

"Shemeji, umetuua."

"Na wale waliopita barabarani, mwenyekiti, wewe ulikuwa unawaona kama nini?"

Kumbikumbi mmoja alimtua Wafubwa begani, akadondosha mabawa yake, akashuka kwenye mkono, akashuka kwenye ardhi, akaanza kuchimba.

*

Kichuguu mama hakikutoka jasho tena. Mifereji ilikauka katika msimu huo.

Chemchemi ya Lukoto ilirudi kabla ya kupanda kulikofuata. Kwanza mawe yalilowa, kisha yakadondosha, kisha yakatiririka. Familia chache zilirejea. Nyingi hazikurejea, kwa kuwa walioenda mbele walikwisha kuanza kuzeeka huko.

Makhulo alikufa kwa kile kikohozi, si kwa kumbikumbi. Alizikwa Lukoto. Wafubwa ndiye aliyeipeleka ngoma, ameibeba kichwani, akakaa mpaka mazishi yakaisha, akakubali kikombe cha chai.

Rasoa yuko Lukoto. Analima vitunguu. Meno yake ni meusi.

Vitunguu vya Perusi vilikufa. Alihamia kwa kaka yake na wale mapacha, analima mashamba ya watu. Alikutana na Nekoye sokoni mara moja, wakapishana.

Barasa alifunga duka. Nekoye alimwomba msamaha kabla hajafunga, naye akasema amesikia.

Madam Achando hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kutafuta vichuguu vipya, navyo ni vingi. Vimeota mpakani, vimeota uani mwa kanisa, vimeota nyuma ya kituo cha polisi. Havina kigingi wala kamati. Kila kinapoota, watu wa karibu hushukuru Mungu, na mahali fulani chini yao kisima cha mtu hushuka.

Nekoye aliondolewa kwenye orodha ya walishaji, ingawa hakukuwa tena na cha kulisha. Anatembea kijiji hadi kijiji na ubao wake na vijiti vinne. Wanaokaa chini humwita. Wanaokaa juu humfungulia mbwa. Amewahi kunyesha, na amewahi kukataa kunyesha, na katika yote mawili kuna watu waliomlaani. Akifika mahali hasikilizi maneno ya mtu kwanza. Huomba chai, hukaa nayo, huitazama mpaka ipoe.